Sungura Kwenye Chai ya Pasaka



Je, yafaa kuwasimulia watoto hadithi za Sungura kwenye chai ya Pasaka hapa Kampala? Sungura hushinda kwa hila, na watoto hucheka. Tusimhukumu upesi. Kati yetu tuliokimbia vita Kongo wapo waliopita vizuizi vya askari kwa kutaja majina yasiyo yao.

Petro naye alimkana Yesu mara tatu, akiota moto. Yesu alipofufuka aliwaandalia wanafunzi moto mwingine, mkate na samaki (Yohana 21:9), kisha akamkabidhi Petro kondoo wake.

Basi tusimulie Sungura, halafu Petro. Wazazi, mwulizeni mtoto: Fisi aliyedanganywa, je, atamkaribisha Sungura chai?

Mungu awabariki.