Samaki hachinjwi, lakini je, ateswe?

Kila ninapofundisha mlango wa vyakula katika somo la Maarifa ya Uislamu, wanafunzi hulipokea suala la samaki kwa furaha, kwa sababu ni jepesi. Mnyama wa nchi kavu ana masharti yake: mchinjaji, kisu, jina la Allah, koo. Samaki hana. Suratul Maida aya ya 96 imehalalisha mawindo ya bahari, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa maiti ya samaki ni halali kwetu. Ubao unafutwa, tunahamia suala jingine.

Mimi nasema suala haliishii hapo, na kambale ndiye shahidi wangu.

Hapa Izia, kama ilivyo kwa sehemu nyingi za mji wa Sumbawanga, tumezoea samaki atufikie akiwa ameshakufa. Dagaa na migebuka hupanda kutoka Ziwa Tanganyika, perege na kambale kutoka Ziwa Rukwa, wengi wao wakiwa wamekaushwa kwa jua au kwa moshi. Aliyeshuhudia kufa kwao ni mvuvi, huko mbali. Lakini anayefuga kambale nyumbani, katika tangi la plastiki, bwawa la turubai uani au hata sanduku la kioo sebuleni, amemleta kiumbe huyu hai chini ya paa lake. Sasa mwenye nyumba ndiye mlishaji wake, ndiye tabibu wake na ndiye muuaji wake. Je, anadaiwa nini?

Kufuga kwenyewe hakuna tatizo. Wanazuoni wametoa dalili katika kisa cha Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, naye Mtume (s.a.w.) akawa anamtania na kumuuliza habari za kindege hicho bila kumkemea kwa kukiweka. Lakini upande wa pili kuna yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchoma moto. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Zingatia neno kufungia, ndugu msomaji. Kiumbe akiwa huru riziki yake anaihangaikia mwenyewe. Ukishamfungia, umejitwisha deni.

Deni hilo limefafanuliwa zamani. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam alizitaja haki za wanyama juu ya binadamu. Miongoni mwake: walishwe hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, wasibebeshwe wasichokiweza, wasichanganywe na wa jinsi yao au jinsi nyingine watakaowadhuru, madume na majike wakutanishwe katika msimu wao, na wakichinjwa wachinjwe vizuri. Bila shaka hakuwa akifikiria tangi la kambale uani. Hata hivyo, ukiyapeleka maneno yake kwenye tangi hilo, utashangaa jinsi yanavyogusa.

Chukua lile la kutochanganya wanaodhuriana. Vifaranga vya kambale hulana. Mmoja akiwazidi wenzake ukubwa huanza kuwameza, na asipoweza kummeza mwenzake mzima humng'ata mkia. Utasikia mfugaji akisema kuwa hayo ndiyo maumbile yao, hata mtoni wanalana. Ni kweli, lakini mtoni mdogo ana majani na matope ya kujifichia. Katika tangi lenye kuta laini, aliyemnyima maficho ni wewe. Basi ni juu yako kuwatenganisha kwa ukubwa mara kwa mara na kuwalisha vya kutosha, hata kama kazi hiyo inachosha.

Ama suala la kuzaliana ni zito zaidi. Porini kambale husubiri mvua, maji yakafurika nyikani, ndipo jike akataga usiku katika maji ya kina kifupi. Katika tangi mafuriko hayaji. Jike hubeba mayai lakini kwa kawaida hatagi mpaka adungwe sindano ya homoni, kisha akamuliwe tumbo kwa mkono. Dume hakamuliki kwa urahisi, hivyo mara nyingi huuawa na kupasuliwa ili zitolewe korodani zake. Sioni dalili ya kuharamisha hilo, maana samaki ni halali kuuawa kwa manufaa. Ninachokiona kibaya ni dume huyo kupasuliwa angali akipumua, halafu mzoga ukatupwa jalalani. Kama hakudungwa dawa, kwa nini asiliwe?

Yapo na mengine, nayapitia haraka. Kuna wanaowalisha kambale damu na mizoga ya kuku kwa kuwa hula kila kitu. Hawa wakasome hukumu ya mnyama anayelishwa najisi, na wamlishe chakula safi kwa muda kabla hawajamla au kumuuza. Na kuna baridi yetu ya Ufipa. Kambale hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30, nasi tuko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai hula kidogo sana, na chakula kinachobaki huoza majini. Asiyeweza kuyatunza maji yake katika miezi hiyo asifuge wengi.

Sasa turudi kwenye kifo. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya mashavu yake, na ngozi yake ikiwa na unyevu hukaa nje ya maji saa kadhaa akiwa hai. Kwa hiyo ile kauli kwamba samaki ukimtoa majini amekwisha, kwake haifanyi kazi. Na kwa kuwa ana utelezi, wapishi wengi humwagia chumvi au majivu akiwa hai, naye hujinyonga-nyonga ndani ya beseni mpaka ute utoke. Watoto wamesimama wanacheka.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Allah amewajibisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuua, akaamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Hakumtoa samaki katika neno kila kitu. Sharia imetuondolea sharti la kuchinja. Haijatupa ruhusa ya kutesa.

Wapo wanaosema samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana vipokezi vya maumivu, na kwamba akidungwa kitu kikali mdomoni huacha kula na kuusugua mdomo wake kwenye changarawe. Mjadala wa wataalamu haujafungwa. Lakini mwenye kutia shaka ndiye anayepaswa kujizuia, si kumwaga chumvi kwa kuwa hajapata uhakika.

Nimeulizwa pia na wenye khofu ya Mungu: tukimpiga kambale kichwani, si atakuwa kama mnyama aliyekufa kwa kipigo, ambaye ameharamishwa katika Suratul Maida aya ya 3? Hapana. Hukumu hiyo ni ya mnyama anayehitaji kuchinjwa. Pigo moja zito la utosini la kumzimisha, kisha kisu papo hapo nyuma ya kichwa, halimharamishi, na humfupishia maumivu ya saa nzima. Chumvi na majivu vije baadaye.

Kwa wasioweza kufanya hivyo, na wengi hawawezi, muombeni mfugaji ammalize kabla hamjamtia kwenye ndoo. Yeye ana rungu, ana kisu na mkono wake umezoea. Akitaka shilingi mia mbili zaidi kwa kazi hiyo, mpeni.