Hodi Kabla ya Kuingia

Mtu mwenye adabu haingii nyumba ya mwenzake bila ya kupiga hodi, hata akiukuta mlango wazi. Nakuomba, msomaji, uipime desturi hii katika jambo la siku hizi: kutafuta filamu katika intaneti na kuitazama nyumbani.

Mwaka 1962 Chris Marker wa Ufaransa alitoa filamu iitwayo La Jetée. Ni fupi, dakika 28 tu, tena ni ya majaribio: karibu yote ni picha zisizotembea, zilizopangwa moja baada ya moja, na msimulizi akieleza kisa. Mara moja tu picha huwa hai, mwanamke aliyelala anapofumbua macho.

Filamu za namna hii hazionekani mara nyingi katika majumba ya sinema. Nilipoitafuta, nilikuta nakala ya bure iliyowekwa na mtu asiyejitaja. Ilikuwa usiku, nami nilikuwa peke yangu. Nafsi ikaninong'oneza: "Aliyeitengeneza alifariki mwaka 2012, wamwibia nani? Tena filamu haipungui kwa kutazamwa."

Hoja hiyo ni tamu, lakini ina kasoro. Filamu haipungui kama unga katika debe. Kipunguacho ni ijara ya wenye haki nayo na ya wale waitunzao isiharibike. Filamu yenye watazamaji wengi yaweza kustahimili wachache wasiolipa. Yenye watazamaji haba haiwezi. Kwa hiyo, mdogo ndiye aumiaye zaidi.

Labda utauliza: je, asiye na fedha asione? Swali lako ni la haki. Nami najibu kwamba ufukara si aibu, lakini haufuti wajibu wa kupiga hodi. Mtafute kwanza mwenye filamu au wakala wake. Uliza maktaba. Wako wasanii waonyeshao kazi zao bure kwa ridhaa yao wenyewe. Penye ada, marafiki waweza kuchanga na kutazama pamoja. Na kisichopatikana leo, kingojee.

Usiku ule niliiacha nakala ile. Baada ya siku kadhaa nilimpata mwenye idhini, nikalipa, nikatazama. Mwanamke yule alipofumbua macho yake, mimi sikuwa na sababu ya kuinamisha yangu.