Aya ya Chuma na Matanuri ya Ufipa

 

Limeenea baina ya Waislamu, misikitini na barazani, neno la kusema ya kwamba ilimu zote za wataalamu wa zama hizi zimo ndani ya Kurani tangu zamani, na ya kwamba kuafikiana huko ndiyo hoja kubwa kupita zote ya kuwa Kitabu kimetoka kwa Mwenyezi Mungu. Na aya itajwayo mara nyingi katika mazungumzo hayo ni aya ya 25 ya Suratul Hadid, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ametaja kuwa amekiteremsha chuma, na kuwa katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Husemwa: wataalamu wamekuja kujua juzi tu kuwa chuma hakikuumbika katika ardhi hii, bali kilipikwa ndani ya nyota kubwa na kutawanyika zilipopasuka, na Kurani ilikwisha kutoa khabari hiyo zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Neno hili yataka lipimwe. Lisipokelewe kwa kuwa lapendeza, wala lisitupwe kwa kuwa ni geni. Na pahali pa kulipimia pasipo shaka ni nchi ya chuma chenyewe, nayo ni Ufipa.

CHUMA CHA MBINGUNI NA CHUMA CHA UDONGONI

Mtu wa pwani asafiriye kwenda Kaoze, katika bonde la Ziwa Rukwa, hupita kwanza nchi ya Mbozi. Huko kipo kimondo mashuhuri, pande kubwa la chuma lenye urefu wa kadiri ya mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 10, ambalo tisa katika kumi yake ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni madini ya nikeli. Kimondo hiki kimeanguka kutoka juu kwa maana dhahiri ya neno kuanguka. Wenyeji walikijua kabla ya wageni, na khabari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka wa 1930.

Akisha kupita Mbozi na Tunduma, msafiri hupanda uwanda wa Ufipa, na hapo yako mabaki ya matanuri ya zamani, ambayo Wafipa huyaita malungu, na moja ni ilungu. Tanuri hili lilijengwa kwa udongo, refu kumpita mtu mrefu, mengine yakifika mita 3. Chini yake, pande zote, ilipitishwa mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Ndani zilipangwa kuni na makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, kisha likawashwa. Wala haukuwako mvukuto. Hewa ya moto ikipanda juu na kutoka kwa urefu wa tanuri, huvuta hewa baridi iingie kwa mirija ya chini, na moto hujipuliza wenyewe siku baada ya siku. Moshi wa makaa huivua mawe ile oksijeni iliyoshikamana na chuma, mavi ya chuma huyeyuka na kujitenga, na chuma hubaki. Kisha kilichopatikana kilitiwa katika tanuri dogo la pili, lenye mivukuto, kikasafishwa. Ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka na mkuki. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake na dawa zake, na mafundi walijitenga na wake zao muda wa kuyeyusha. Ilififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea.

Sasa na aulizwe mwenye insafu: waliojenga malungu, je, walikuwa wameisoma Suratul Hadid? Hawakuisoma, wala dini ya Kiislamu ilikuwa bado haijawafikia walipoianza kazi yao. Na wanavyuoni wa pwani waliokuwa wakiisoma sura hiyo usiku na mchana, mia kwa mia ya miaka, je, waliweza kwa kuisoma tu kutoa chuma katika jiwe? Hawakuweza. Basi imedhihiri ya kuwa aya haikuteremshwa ili kumfundisha mtu namna ya kupata chuma. Ilimu hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka katika mlango mwingine, nao ni jicho lenye kutazama, mkono wenye kujaribu na subira ya kurudia kazi iliyoharibika. Na mlango huo amewafungulia wana wa Adamu wote, aliye Muislamu na asiye Muislamu.

NENO "KUTEREMSHA" KATIKA KURANI

Huenda akasema mtu: hata hivyo, neno "kuteremsha" lingali hoja, kwani lisingewekwa bure. Ni kweli hapana neno la bure katika Kurani. Lakini neno hufasiriwa kwa kutazamwa pote lilipotumiwa. Katika Suratuz Zumar, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa amewateremshia watu wanyama wa kufuga, namna nane, waume na wake. Na katika Suratul Aaraf, aya ya 26, ametaja kuwa amewateremshia wana wa Adamu nguo za kusitiri tupu zao. Wala hapana asemaye kwamba ng'ombe wa Ufipa walianguka kutoka katika nyota, wala kwamba kanzu na shuka hushuka na mvua. Kwa hiyo wafasiri wengi wamesema kuwa kuteremsha hapa ni kuumba na kuneemesha, kwani amri ya kila neema hutoka juu. Na wengine wamepokea kwa Ibn Abbas kuwa Nabii Adam aliteremka pamoja na fuawe na koleo na nyundo.

Tena, ikiwa maana ni kuzaliwa katika nyota, basi chuma hakina ubora wa peke yake katika jambo hilo. Dhahabu, na chokaa iliyo katika mifupa ya mtu, na hewa avutayo kifuani, asili zake zote zatajwa na wataalamu kuwa zimepitia huko huko. Hoja inayothibitisha kila kitu haimthibitishii mtu kitu kimoja alichokitaka.

HISABU YA ABJADI

Wako waliotafuta njia nyingine. Wakahisabu herufi za neno "hadid" kwa abjadi: ha ni 8, dal ni 4, ya ni 10, na dal ni 4, jumla ni 26, nayo ndiyo hisabu ya protoni zilizo ndani ya atomu ya chuma. Wakaongeza alif na lam, 31, ikawa 57, nayo ndiyo namba ya sura, na ipo namna ya chuma yenye uzito wa 57. Msikilizaji hustaajabu, na hisabu yenyewe ni sahihi.

Lakini mwenye mizani hapimi upande mmoja. Kurani imetaja na dhahabu. Neno "dhahab" kwa abjadi ni 700 na 5 na 2, jumla 707. Na namba ya dhahabu kwa wataalamu ni 79. Imetaja na "nuhas", ambayo ni shaba, na abjadi yake ni 119. Na namba ya shaba ni 29. Na hicho chuma chenye uzito wa 57 ni kama sehemu 2 tu katika mia ya chuma chote; kilicho kingi, zaidi ya sehemu 90 katika mia, ni chenye uzito wa 56. Basi je, lililoafikiana litangazwe juu ya mimbari, na yasiyoafikiana yafichwe? Muuza duka afanyaye hivyo kwa kibaba chake huitwa mwizi.

Na alama ya njia hii ni kuwa khabari haitolewi kabla ya wataalamu kuipata. Mwaka wa 2016 ilitangazwa kuwa katika bonde la Rukwa, ambamo Kaoze imo, iko gesi nyingi ya heliamu. Gesi hii ilijulikana kwanza katika mwanga wa jua mwaka wa 1868, kisha William Ramsay akaipata hapa duniani mwaka wa 1895. Waliotangaza khabari ya Rukwa walipima mapovu ya chemchemi na kuyachungua mawe ya kale. Kabla ya kipimo, hapana aliyeifungua aya akasema: chimbeni Rukwa.

WALIVYOSEMA WANAVYUONI

Shauri hili si la leo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, alisema katika baadhi ya vitabu vyake kuwa asili za ilimu zatoka katika bahari ya Kurani. Lakini ni yeye huyo aliyeonya kuwa mtu anayepinga hisabu ya wanajimu juu ya kupatwa kwa jua, akidhani anainusuru dini, huwa anaidhuru, kwani hisabu hizo zina dalili zisizo shaka. Na Imam Shatibi wa Andalusi, aliyefariki mwaka wa 790 Hijria, aliwakataza waziwazi wanaoibebesha Kurani ilimu zote, akitoa hoja ya kuwa masahaba, waliokuwa wajuzi zaidi wa Kitabu, hawakudai hayo. Baadaye alitokea Misri Sheikh Tantawi Jauhari, aliyefariki mwaka wa 1940, akaandika tafsiri ndefu iliyojaa khabari za mimea, wanyama na nyota. Na mwaka wa 1976 tabibu Mfaransa Maurice Bucaille akatoa kitabu cha kuvilinganisha vitabu vitakatifu na ilimu za leo. Nia zao ni kwa Mola wao. Lakini hukumu ya jambo haitoki kwa nia.

Na lililo wazi kupita yote ni la Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Aliwakuta watu wa Madina wakiipandishia mitende, akadhani kwamba kuacha kusingedhuru. Wakaacha, na tende zikapunguka. Alipopata khabari aliwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Nayo ni hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Hakuona aibu, kwani hakutumwa kuwa mkulima wa mitende. Na ulipofariki mwana wake Ibrahim, jua likapatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Naye akakataa, akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa. Ilikuwapo hoja tayari ya kuwavuta watu, naye aliitupa kwa kuwa si kweli.

MADHARA YAKE

Madhara ya njia hii ni mawili. La kwanza ni kwa kijana. Maneno ya wataalamu hugeuka. Lililothibiti leo huenda likasahihishwa kesho. Kijana aliyefundishwa kuwa imani yake imesimama juu ya namba 26, akifika shuleni akazijua zile namba zilizofichwa, hatamtuhumu aliyemfundisha peke yake. Atakituhumu na Kitabu. La pili ni uvivu. Mtu husema "yote yamo kwetu", kisha asimpeleke mwanawe kusoma, wala asitazame alipoamrishwa kutazama. Na Kurani imeamrisha kutazama: katika Suratul Ghashia watu wameulizwa mbona hawamtazami ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Imewatuma watu kwenda kutazama, na matokeo ya kutazama imewaachia wakayatafute.

AYA YENYEWE YATAKA NINI

Basi na isomwe aya ya chuma tangu mwanzo wake. Kabla ya chuma Mwenyezi Mungu ametaja kuwapeleka Mitume kwa hoja zilizo wazi, na kuteremsha pamoja nao Kitabu na mizani, ili watu wasimame kwa uadilifu. Ndipo akataja chuma, na nguvu yake, na manufaa yake, ili ajulikane ni nani mwenye kumnusuru Yeye na Mitume wake hali ya kuwa hamwoni. Vitu vitatu vimewekwa pamoja: Kitabu, mizani, na chuma. Kitabu cha kuongoza, mizani ya kupimia haki, na chuma cha nguvu, ambacho kikikosa viwili vya kwanza huwa balaa.

Na Ufipa yashuhudia hayo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita katika nchi ile ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Bunduki zilikuwa chuma, na minyororo ya shingoni ilikuwa chuma. Na miongoni mwa wenye misafara walikuwamo waliohifadhi Suratul Hadid. Wafipa walikitoa chuma udongoni wakakifanya jembe la kumlishia mtu; mwenye kuijua aya alikuja na chuma cha kumfungia mtu huyo. Haikuwafaa wale kujua chuma kimetoka wapi, maana wataulizwa walikipeleka wapi.

Kwa hiyo yampasa kila mwenye kuwaidhi mambo matatu. Asimfasirie mtu aya kwa khabari asiyoijua hakika yake. Awahimize vijana kusoma ilimu za viumbe kwa waalimu wake na kwa njia zake, wakijua ya kuwa kutazama kazi ya Mwenyezi Mungu ni ibada kwa mwenye nia njema. Na aitajapo aya ya chuma, asiyaruke maneno ya mizani. Awaulize wanaomsikiliza, kila mmoja katika duka lake, chombo chake na shamba lake, je, ratli yake ni ratli, na ujira wa mtumishi wake umetoka kwa haki?

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wenye kusema kweli katika kuinusuru kweli, na awape Kitabu nyoyoni mwao, na mizani mikononi mwao, na nguvu isiyodhulumu. Amin.

Wallahu aalam.