Ilibidi

Saa tisa usiku, Jumatano moja, nilipitisha sheria ya kupeleka watoto kazini. Sikuisoma hata. Makaa yalikuwa yanaisha, jenereta ilikuwa karibu kuzima, na watoto wa mji wangu walikuwa wamekaa tu wakila chakula cha bure. Nikabonyeza. Kulipokucha walikuwa nje kwenye theluji wakikusanya makaa, na mimi nikamalizia chai yangu ya rangi iliyokuwa imepoa.

Gemu yenyewe ni Frostpunk. Ilitoka 2018, imetengenezwa na 11 bit studios ya Warsaw, Poland. Mtaani kwetu ukisema unacheza gemu watu wanadhani ni FIFA, na ukiwaeleza kwamba yako haina mpira, haina bunduki, ni watu wanaganda tu na wewe unahesabu makaa, wanakuangalia kama mtu anayelipa kodi ya nyumba ili ateswe. Labda ni kweli. Mwaka ni 1886, wa kubuni, dunia imeingia baridi ambayo haiishi, na kundi la watu waliokimbia London wamejikusanya kwenye shimo lenye jenereta moja kubwa katikati. Wewe ndiye Kapteni. Chini ya skrini kuna vipimo viwili: matumaini ya watu na manung'uniko yao. Vyote viwili vinaweza kukuondoa madarakani.

Halafu kuna kitabu cha sheria. Hapo ndipo gemu inakushika shati. Watoto: wafanye kazi au wajengewe makao? Waliokufa: wazikwe kwa heshima au watupwe kwenye shimo la barafu, huenda miili ikafaa baadaye? Chakula: supu nyepesi, ama uchanganye na unga wa mbao ili kitoshe? Ukichagua moja, nyingine inafungwa. Hakuna jibu la kukufanya ulale vizuri, na saa inatembea.

Nilishinda. Nilifuata njia ya utaratibu mpaka mwisho wake, walinzi, jela, kila kitu, na mji wangu ukapita ile dhoruba kubwa. Kisha gemu ikanionyesha mji ukijengeka upya kwa kasi, siku ya kwanza hadi ya mwisho, huku ikinikumbusha niliyoyafanya, halafu ikaniuliza kama ilistahili. Nilikasirika, manze. Niliijibu kwa sauti, peke yangu chumbani: kwani ungetaka nifanye nini? Ilibidi.

Sasa hilo neno. Nimelifikiria miezi kadhaa na sidhani kuna neno Wakenya tunalipenda kuliko hilo. Fare imepanda, ilibidi. Nimepotea wiki mbili bila kushika simu yako, ilibidi, bro. Angalia lilivyojengwa. Ukisema "nilipitisha", mimi nimo ndani, ni- iko pale mwanzoni imesimama kama shahidi. Ukisema "sina budi", angalau nipo, nimebanwa lakini nipo. Hata "ilinibidi" ina mtu, ila amesogezwa akawa anayetendwa: kitu fulani kilikuja kikanifanyia. Lakini "ilibidi" haina mtu kabisa. Kuna hiyo i- tu, ambayo si mimi, si wewe, si mteja, si serikali. Kitendo kimefanyika na nyumba ni tupu.

Gemu ina kitu ambacho maisha hayana: unaweza kuanza tena. Nilianza tena, nia yangu ikiwa ni kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Nikawajengea watoto makao, nikakataa njia ya jela, nikisubiri kwa hamu mji ufe ili niambie ile gemu, unaona? Mji haukufa. Ilikuwa ngumu zaidi, ilinibidi kupanga kazi mapema, kutuma wapelelezi siku za kwanza badala ya kuongeza nyumba, na kuna usiku mmoja nilidhani tumeisha. Lakini tulifika ng'ambo ya dhoruba, watoto wakiwa ndani. Kumbe mara ya kwanza kilichoamua hakikuwa baridi. Nilikuwa nimechelewa kupanga, na nilipogundua nimechelewa nikatafuta wa kulipia.

Simaanishi kila "ilibidi" ni uongo. Kuna wakati mtu amebanwa kweli kweli. Ninachosema ni kwamba mtu aliyebanwa kweli na mtu aliyechelewa kupanga wanatumia neno lile lile, kwa sauti ile ile, na mara nyingi hata wao hawajui wao ni yupi.

Mambo yanakuwa mabaya zaidi ukiwa na mirengo. Frostpunk 2, ya 2024, ina baraza la wajumbe 100, na sheria ya kawaida inataka kura 51. Kapteni amekufa, wewe ni msimamizi tu, huwezi kuamrisha mtu. Kuna mrengo unaoitwa Stalwarts, wanaoamini baridi itashindwa kwa mashine na nidhamu. Kuna Pilgrims, wanaoamini ni watu wanaofaa kubadilika wajifunze kuishi na baridi. Ukikaa na mmoja peke yake unaona ana hoja. Hakuna mwenye pembe kichwani. Kwa hivyo unafanya vile mwanasiasa yeyote anafanya: unawaahidi hawa sheria moja ili wakupe kura leo, kesho unawaahidi wale utafiti wanaoutaka, na keshokutwa ahadi zinagongana mlangoni. Mimi nilizivunja mbili katika kikao kimoja. Nilijua naahidi nisichoweza kutoa, na bado nilipowaona wamekasirika nilihisi wananionea.

Lakini gemu iliyonifunza kuchagua upande, kabla ya hizi zote, ni Age of Empires II, kwa kompyuta ya cyber, nikiwa shule ya msingi. Mwaka wa 2015 iliongezewa falme za Afrika: Waethiopia, Wamali, Waberberi. Na Wareno. Kuna kampeni nzima ambapo wewe ni Francisco de Almeida. Nilipoicheza nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua huyo ni nani. Mwaka wa 1505 meli zake ziliipora Kilwa, kisha zikaja Mombasa, zikaipora na kuichoma. Nyanya yangu upande wa mama alizaliwa Malindi. Nilimwendesha Almeida kwa kipanya changu mwenyewe na, ukweli usemwe, niliifurahia. Wareno wako na meli nzuri sana.

Pia wako na jengo linaloitwa feitoria. Ukilijenga linakula nafasi ya watu ishirini katika idadi ya watu wako, na baada ya hapo linatema chakula, mbao, mawe na dhahabu, lenyewe, bila mwisho. Hakuna mchimbaji. Hakuna mtu anayekata mti. Namba zinapanda tu juu ya skrini. Feitoria za kweli zilikuwa vituo vya biashara vya Wareno katika pwani walizozifikia, na dhahabu yake ilikuwa na mikono mingi nyuma yake, mingine ikiwa imelazimishwa kwa mizinga. Lakini kwenye gemu mikono imeondolewa. Ni jengo lililojengwa kwa sarufi ya "ilibidi".

Malindi yenyewe ilichagua upande. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498, akiwa ametoka kukosana na Mombasa, mfalme wa Malindi alimpokea vizuri na akampa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya Vasco da Gama bado iko pale kwenye mwamba, watu wanapiga selfi. Ni rahisi leo kumwita msaliti. Lakini yeye alikuwa na jirani mwenye nguvu kuliko yeye upande wa kusini, na mgeni mwenye mizinga mlangoni. Wachezaji wa gemu za mkakati wanaujua ule weusi unaofunika ramani mahali hujafika. Huyu mzee alicheza ramani yote ikiwa nyeusi isipokuwa ufuo wake.

Sasa angalia hesabu ilivyoendelea. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, na ukoo uliotawala Malindi ukawekwa kwenye kiti cha Mombasa. Ushindi, sivyo? Kwenye gemu, muziki ungepigwa hapo. Mwaka wa 1614 Sultani Hassan, wa ukoo huo huo, akauawa baada ya kugombana na kapteni wa Kireno. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala Mombasa kwa niaba ya mfalme wa Ureno. Agosti 1631 akaingia ngomeni na kumuua kapteni, akarudia Uislamu, na Wakristo wengi wa mji wakauawa, wakiwemo weusi wa pwani hii hii waliokuwa wamesali naye kanisa moja. Ukiniuliza Yusuf alikuwa upande gani, nitakuuliza unataka nihesabu kuanzia mwaka upi. Hakuna skrini ya mwisho iliyomtokea mtu yeyote katika ukoo ule. Mzee wa 1498 alichagua, akafa, na chaguo lake likabaki likifanya kazi miaka 133.

Nimezunguka sana kwa sababu kuna kitu sikutaka kukifikia.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sina uchungu nacho, karo ilikatika na mimi nilikuwa nimeshakatika kabla yake. Tangu hapo nimekula kwa kuandika, na kwa muda mrefu uandishi wenyewe ulikuwa ule mnaoujua: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Mwenye akaunti nzuri anapata kazi nyingi kuliko anazoweza kuandika. Kwa hivyo nikachukua vijana wawili wa ploti yetu. Mteja akilipa shilingi 350 kwa ukurasa, mimi nawapa 150. Mama ya mmoja wao, anayeuza mboga pale getini, alikuwa ananiombea. Aliniambia, "Asante, mwanangu, umenitolea huyu barabarani." Usiku nalala, asubuhi naamka kurasa zimeandikwa. Namba zinapanda tu. Unaona nilipotoa lile jengo.

Ile Jumatano kulikuwa na kazi ya kurasa kumi na mbili, ya kukabidhi saa kumi na mbili asubuhi. Somo lilikuwa maadili ya biashara, na naomba mniamini kwamba sijabuni hilo. Nilimpa huyu kijana wa mama mboga. Aliniambia, si kwa kulalamika, aliniambia tu kama mtu anayetoa taarifa, kwamba saa mbili asubuhi ana mtihani katika chuo chake cha ufundi. Nikamwambia mteja hawezi kungoja, akaunti itaharibika, na ikiharibika sisi sote tumelala njaa. Aliandika usiku kucha. Alinitumia kazi saa kumi na moja na nusu. Ilikuwa safi. Halafu akaegemea ukuta apumzike dakika kumi, na akaamka saa nne.

Karatasi hiyo alilazimika kuirudia muhula uliofuata, kwa ada nyingine. Mama yake aliponiuliza, nilimjibu kwa neno moja, na yeye akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni neno ambalo hata yeye hulitumia kila siku, na kwake huwa ni kweli.

Sikumwambia nilikuwa wapi saa tisa usiku. Nilikuwa mita sita kutoka kwa kijana wake, ukuta mmoja katikati, nikihangaika na makaa ya watu wasiokuwepo. Ningeweza kuandika kurasa sita kati ya zile kumi na mbili. Ningeweza kuandika zote, mimi huandika haraka. Wazo hilo halikunijia na kukataliwa. Halikunijia kabisa, na hilo ndilo linalonitisha. Kitabu cha sheria kilikuwa wazi na mimi sikujua kwamba kina ukurasa wa pili.

Ada ya mtihani nililipa mimi, kwa M-Pesa, na akanijibu "asante mkubwa". Nilimwambia pia mteja alikuwa analipa ngapi kwa ukurasa. Alinyamaza kidogo, akapiga hesabu, niliona macho yake yakipiga hesabu. Tukagawana upya. Sijui kama amenisamehe na sijamuuliza, maana akisema ndiyo nitajua ni adabu tu.

Wiki jana alikuja kwangu stima ikiwa imekatika kwao, akanikuta nacheza. Akaomba ajaribu. Nikamwanzishia mji mpya, nikamwelekeza jenereta, akashika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Siku ya tatu ya mji wake makaa yakaanza kupungua, kitabu kikafunguka, zile sheria mbili za watoto zikatokea. Aliweka mkono pembeni ya kipanya, akasogea karibu na skrini, na akaanza kusoma. Ya kwanza. Ya pili. Akarudi tena kwa ya kwanza.

"Haraka basi," nikamwambia, "tutaganda."

"Ngoja kwanza," akasema. "Nasoma."