Jirani Tusiyemwona

Ndugu msomaji, vitabu vya shule huwafundisha watoto wetu kwamba viumbe vyenye uhai, pamoja na udongo, maji, hewa na jua vinavyovitegemeza, hukaa katika makundi makubwa yaitwayo mifumo ya ikolojia. Makundi hayo hugawanywa kwanza sehemu mbili, ya nchi kavu na ya majini. Nchi kavu kuna misitu, kuna nyika na mbuga za majani, kuna majangwa, na kuna vilele vya milima penye baridi kali. Majini kuna maji baridi, yaani mito, maziwa na vinamasi. Tena kuna maji ya chumvi, yaani bahari pamoja na mikoko na matumbawe yake. Mgawanyo huu ni sahihi na una manufaa, wala sikusudii kuupinga. Lakini liko swali moja ambalo vitabu hivyo haviliulizi: mtu akitenda jambo katika mfumo mmoja, na madhara yake yakatokea katika mwingine, mbali na macho yake, je, atahesabiwa?

Swali hili sikulitunga mimi. Niliulizwa Katoro, katika Mkoa wa Geita, na kijana aliyeingia katika dini si zamani sana, mwenye fungu lake katika duara moja la dhahabu. Alisema: “Mwalimu, mawe ya mbale nimeyatoa kwa jasho langu. Kibali kipo, ushuru nimelipa, sikumwibia mtu wala sikupunja mizani. Ndani ya dhahabu hii imo haramu yoyote?” Nilimjibu kwamba kwa hayo aliyoyataja sioni haramu. Kisha nikamwuliza anaitoaje dhahabu katika unga wa mawe, naye akaanza kunieleza habari za zebaki.

Wasomaji wasioijua kazi hiyo yafaa waelezwe. Mawe husagwa kwenye karasha yakawa unga, unga huoshwa kwa maji kwenye mwalo, na kile kizito kinachobaki huchanganywa na zebaki katika karai. Zebaki huishika dhahabu, zikawa donge moja la rangi ya fedha, ambalo karibu nusu ya uzito wake huwa zebaki. Donge hilo huchomwa juu ya mkaa. Zebaki hupanda hewani ikiwa mvuke usioonekana, na dhahabu hubaki. Watu wengi hulichoma nyumbani, pengine katika jiko lile lile linalopikiwa ugali, na watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Sehemu nyingine ya zebaki hupotea mapema zaidi, ikaenda na maji ya mwalo au ikabaki katika marudio.

Sasa tuifuate zebaki hiyo. Mvuke hauendi mbinguni ukaishia huko. Sehemu yake huanguka karibu, sehemu husafiri mbali, nayo mvua huirudisha juu ya mashamba, misitu na paa za nyumba. Kutoka hapo maji huipeleka kwenye vijito, na vijito kwenye vinamasi. Ndani ya matope ya kinamasi yasiyo na hewa wamo vijidudu wadogo mno, na hao huigeuza zebaki kuwa sumu ya namna nyingine, iliyo kali zaidi, ambayo mwili wa kiumbe huinyonya kwa urahisi na kuitoa kwa shida. Mdudu wa majini huimeza kidogo. Samaki mdogo humla mdudu mara elfu, na samaki mkubwa humla mdogo mara elfu. Mwisho huja mwanadamu, ambaye pengine ni mwanamke mwenye mimba, akamnunua samaki huyo sokoni kwa nia njema kabisa.

Basi tazama jinsi zebaki ilivyopita: kutoka msituni kulikochimbwa duara, ikaingia hewani, ikashuka shambani, ikaenda mtoni, kinamasini, ndani ya samaki, hata tumboni mwa mama. Mipaka yote iliyochorwa na kitabu cha shule imeivuka bila kuuliza njia.

Tena nchi ya Katoro ina ajabu ya peke yake ambayo wenyeji wengi hawaijui. Imekaa karibu na mahali ambapo maji ya mvua huachana njia. Tone linaloanguka upande wa kaskazini huteremka kuelekea Ziwa Victoria, likaingia mto Nile, na safari yake huishia Misri katika Bahari ya Mediterania. Lakini upande wa kusini, huko Rwamagasa penye wachimbaji wadogo wengi, mto Isingile hupeleka maji yake kwenye mto Nikonga. Nikonga huelekea kusini kwenye vinamasi vya Moyowosi na Malagarasi, na maji ya Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, kisha kwa mto Lukuga yakafika Kongo na bahari ya Atlantiki. Vinamasi hivyo vya Malagarasi na Moyowosi ndivyo vilivyokuwa vya kwanza vya Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, kwa ajili ya thamani yake kwa ndege, samaki na watu. Mtu wa Rwamagasa akimwaga maji ya mwalo, jirani yake ni mvuvi wa Malagarasi. Hawajaonana, wala hawataonana.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maneno ya kutisha watu tu. Basi yafaa tuseme kweli yote, hata ile inayotupunguzia hoja. Wataalamu waliopima eneo la Rwamagasa miaka ya 2003 na 2004 waliikuta zebaki katika matope ya mto Isingile hata kilomita 9 chini ya machimbo, na baadhi ya samaki wa eneo hilo walizidi kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini samaki wa Ghuba ya Nungwe katika Ziwa Victoria, upande wa Geita, walionekana kuwa na zebaki kidogo. Ziwa lile lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukubwa huo umetusitiri.

Hapa ndipo nafsi hupata udhuru wake. Husema: zebaki yangu ni kijiko kimoja tu, na ziwa ni kubwa. Nami nauliza: je, mtu akichukua punje moja ya mtama katika ghala la kijiji, na wenzake elfu wakafanya vivyo hivyo, ghala likabaki tupu, ni nani aliyeiba? Kila mmoja atakuonyesha kiganja chake chenye punje moja. Ghuba ya Minamata, kule Japani, ilipokea uchafu wa kiwanda miaka mingi bila watu kuona kitu. Kisha paka wa wavuvi wakaanza kuyumba na kufa, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa kwa watu wenyewe. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika mishipa ya fahamu. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki umepewa jina la mji huo; Tanzania iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

Udhuru wa pili ni kwamba wakubwa huharibu zaidi. Pengine ni kweli, na wakubwa wana hesabu yao. Lakini sijapata kusikia mahakama yoyote, ya duniani wala ya akhera, iliyomfutia mtu deni lake kwa kuwa jirani yake anadaiwa zaidi.

Tumefundishwa kwamba makosa ni ya namna mbili. Yako yanayohusu haki ya Mwenyezi Mungu, na hayo Yeye Mwenyewe ni Mwingi wa kusamehe. Na yako yanayohusu haki za waja, ambayo mkosaji hana budi kumwendea aliyemdhulumu, amlipe au amwombe radhi. Sasa niambie, ndugu msomaji: mtoto wa mvuvi wa Malagarasi utamwendea wapi? Jina lake hulijui. Naye hajui kwamba alikosewa, wala hajui kwamba aliyemkosea ni wewe. Deni lisilo na mdai anayejulikana kwangu naliona zito kuliko deni lolote, kwa sababu hakuna siku utakayoweza kusema nimelilipa.

Wala usidhani kwamba uovu hutembea kutoka nchi kavu kwenda majini tu. Katika miaka ya 1950 samaki aina ya sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Alipokua na kuenea aliwala furu, na aina nyingi sana za furu zikatoweka, hasara ambayo haina mfano katika maziwa ya dunia. Lakini lipo jambo dogo ambalo watu hulisahau. Samaki wadogo wa zamani walianikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua. Humpasa kukaushwa kwa moto. Kwa hiyo samaki aliyetiwa majini akawa sababu ya miti kukatwa nchi kavu.

Nimesema habari za miti, na hapa inanibidi nitaje Shinyanga. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu ya huko ilifyekwa kwa wingi ili kumfukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba na mifugo mingi vikamaliza iliyobaki, na watu wengi wakahamia Geita kutafuta ardhi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake kubwa haikuwa kupanda miti. Ilikuwa kuirudisha desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga kipande cha malisho na kukiacha kipumzike msimu wa mvua ili kitumike wakati wa kiangazi. Chini ya ardhi visiki na mizizi vilikuwa hai bado, vikachipua vyenyewe. Katika miaka isiyozidi ishirini ngitili zilifikia hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji mamia. Aliyekata mti Shinyanga, au mwanawe, aliweza kurudisha alichokichukua, tena kwa kuacha tu.

Zebaki haina kisiki. Haiozi, haigeuki majivu, wala kuiacha ipumzike hakuipunguzi. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kijana yule kwamba atarekebisha baadaye. Nilimweleza kwamba kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huukamata mvuke, huupoza, na kuirudisha zebaki ikawa maji tena, hata mtu akaitumia mara ya pili badala ya kununua nyingine. Nilimweleza pia kwamba maji ya mwalo yachimbiwe shimo, yasiachiwe kwenda mtoni. Aliuliza bei ya chombo. Akasema atazungumza na wenzake wa duara, kwa kuwa fedha si yake peke yake.

Nilipopita Katoro mara nyingine alinipokea kwa furaha. Chombo bado hawajanunua, lakini alikuwa na habari ya kunipa: jikoni hachomi tena. Sasa huchomea nje, nyuma ya nyumba, na watoto wamekatazwa kusogea. Nilimsifu kwa hilo, kwani ni jambo jema. Kisha nikamwuliza upepo wa pale huvuma kuelekea wapi. Akageuka, akatazama ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa juu ya kamba, akakaa kimya kwa muda mrefu.