Mamaye ni Yupi?

Kijana akimtukana konda mbele ya abiria watu wazima, haikosi mtu wa kiti cha nyuma kuguna: "Asiyefunzwa na mamaye..." Hana haja ya kumaliza. Basi zima linajua kilichobaki, na kila mmoja ameshamhukumu mama wa kijana yule. Mama mwenyewe saa hiyo pengine yuko sokoni anapanga nyanya mafungu mafungu, hana habari kwamba kesi yake imeshasikilizwa na hukumu imetoka.

Ndivyo methali hii inavyotumika siku nyingi: kama rungu. Mtoto akiharibika, anatafutwa mwanamke wa kubebeshwa lawama, na baba hata hatajwi. Lakini isikilizwe neno kwa neno. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haikusema asiyezaliwa, wala asiyenyonyeshwa. Imesema asiyefunzwa. Kinachodaiwa ni mafunzo, na anayedaiwa ameitwa mama, jina ambalo kwa Mswahili halijapata kuwa la mtu mmoja.

Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na si jina la adabu tu. Mama mdogo anakanya, anatuma dukani, anavuta sikio, wala haombi ruhusa ya mtu. Yupo bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini. Yupo mama wa kunyonya, ambaye kwa sheria ya Kiislamu watoto wake hawaoani na aliyenyonya kwake, kwa kuwa maziwa yamewafanya ndugu. Na kwa msichana wa pwani yupo somo, kungwi wake, anayemwambia yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyatamka.

Kungwi anayejulikana kuliko wote alikuwa Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, Bi Kidude. Dunia ilimjua kwa taarab, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Nyumbani, wanawake wengi walimjua kwa msondo, ile ngoma ndefu aliyoipiga kwenye unyago wakiwa wao wali. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Alipofariki Aprili 2013 alikuwa ameshawafunda wasichana wa vizazi kadhaa: mwili wao unavyokwenda, nyumba inavyokaliwa, mume anavyochukuliwa. Neno kufunda lenyewe, katika Kiswahili cha zamani, ni kuponda na kutwanga pia. Aliyepata kushika mchi anaelewa kwa nini. Mpunga hautoi ganda kwa pigo moja, na ukitwangwa kwa hasira unabaki chenga.

Wapo waliofunza kwa kalamu. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu na kupambana na masultani wa Unguja, alikuwa mgonjwa alipomtungia utendi binti yake, Mwana Hashima, mnamo mwaka 1858. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Wasomaji wengi wa leo, wanawake hasa, wanaukasirikia utendi huo kwa namna unavyomtaka binti amnyenyekee mumewe, na hasira yao ina msingi. Lakini mtu asisahau hali ya mwandishi. Ni mama anayejua kwamba walimwengu watampokea mwanawe yeye akiwa kaburini, na anajua watamtazama kwa jicho gani. Anakimbizana nao. Anataka binti ayasikie kwake kwanza, kwa sauti ya anayempenda, kabla hajayasikia kwa wasiompenda.

Shaaban Robert naye, mkewe Amina alipofariki na kumwachia watoto, aliifanya kazi hiyohiyo: Utenzi wa Hati akamtungia binti, Utenzi wa Adili akamtungia mvulana. Methali haikumtaja baba, ila haikumkataza.

Mama mwenye sifa mbaya kuliko wote katika ngano zetu ni wa kambo. Ndiye anayemnyima mtoto chakula na kumtuma kisimani usiku, na methali nyingine imemaliza maneno: mama wa kambo si mama. Kijijini Kogelo, Siaya, maisha yaliandika hadithi nyingine. Habiba Akumu alipoondoka kwenye ndoa ya Hussein Onyango Obama na watoto wakabaki, aliyewalea ni mke mwenza, Sarah. Yeye hakupata shule. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa akimpakia mmoja wa watoto hao kwenye baiskeli na kumpeleka shuleni, njia ndefu ya vumbi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kusoma Marekani na kumzaa rais wa 44 wa nchi hiyo. Rais huyo, Barack Obama, alimwita Mama Sarah bibi, bila kuongeza "wa kambo", mpaka alipofariki Machi 2021 akiwa na miaka 99. Damu haikuwepo. Baiskeli ilikuwepo.

Upande wa pili wa methali ni mwalimu yule mwingine, ulimwengu. Mama akimchapa mtoto mchana, jioni anamwita aje ale. Ulimwengu hauna jioni ya namna hiyo, wala haumjui mwanafunzi wake kwa jina. Na haufundishi mtoto mtukutu peke yake.

Mfano ni Wangari Maathai wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Kaka yake ndiye aliyeuliza nyumbani kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaona hakuna sababu ya kumzuia. Ila somo lingine alilipata kwa mama mwenyewe. Alipotumwa kuni, mama alimwonya asiokote hata kijiti chini ya mgumo uliokuwa karibu na nyumba yao: huo ni mti wa Mungu, haukatwi, hauchomwi. Jirani na mti huo palikuwa na kijito, na mtoto alikuwa akicheza humo, akijaribu kuokota mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga, nayo yanamponyoka vidoleni.

Miaka ikapita, akasoma hadi Marekani, akarudi. Shamba lenye mgumo ule lilikuwa limepata mmiliki mwingine. Huyo aliuona mgumo unamlia nafasi, akaukata, akapanda chai. Maathai, sasa mwanasayansi, alielewa mizizi ya mti ule ilikuwa ikifanya kazi gani chini ya ardhi. Alipokwenda kukitazama kijito, kilikuwa kimekauka.