Ngoma ni Mali ya Nani?

Katika lugha yetu neno ngoma lina maana tatu: chombo kilichowambwa ngozi, mchezo unaofuata mlio wake, na mkusanyiko wa watu waliokuja kuucheza. Ya kwanza yaweza kumilikiwa na mtu mmoja; ya tatu haiwezi kabisa. Hapo ndipo linapozuka swali tunalotaka kulitafakari.

Tuchukue mfano wa mpigaji wa Kiloleli, katika Mkoa wa Simiyu, ambaye kwa miaka mingi amekusanya nyumbani mwake ngoma kubwa na ndogo, manyanga na njuga. Baadhi alizichonga, nyingine alizinunua kwa fedha za pamba yake. Je, anayo haki ya kuzifungia chumbani? Wako wasemao kwamba mali ya jasho haihojiwi. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani chombo kisicho na mwenyewe hakina wa kukianika juani wala wa kukiwamba upya ngozi inapochanika. Mali ya wote mara nyingi huozea mvuani.

Lakini jasho lake lilinunua mti na ngozi tu, mapigo aliyarithi. Aliyapata kwa waliomtangulia, katika mashindano ya Bagika na Bagalu, na katika bugobogobo, ambamo wachezaji hushika majembe na kazi ya shamba ikageuka mchezo.

Hata ngoma za kitemi katika Usukuma zilikuwa alama za utemi, wala si pambo la mtemi binafsi. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, kiti kiliondoka, ngoma zikabaki. Baadhi yake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Kuhifadhi huko ni kwema. Hata hivyo kuta huhifadhi mti na ngozi. Mapigo huhifadhiwa na mikono.

Tumkumbuke pia marehemu mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona, aliyeweza kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Mapigo yake yalitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, yakatambuliwa na watu wengi wasiowahi kumwona. Ngoma zilikuwa zake. Mlio ukawa wa taifa. Nalo taifa linalofaidi mlio lina deni kwa mpigaji.

Kwa hiyo twasema kwamba mpigaji ni mwenye ngoma, lakini ni mdhamini tu wa mapigo. Aweza kwa haki kumnyima ngoma mtu asiyejua kuitunza. Hawezi, pasipo dhuluma, kumnyima kijana anayetaka kujifunza. Na kijiji nacho hakiwezi kudai mlio huku kikimwachia peke yake gharama ya ngozi.

Wahenga walionya kwamba ngoma ivumayo haidumu. Onyo hilo ni la kweli. Lakini isiyovuma kamwe si ngoma. Ni gogo lililovikwa ngozi.